Geji Sifuri, Mtungi Umejaa: Kutatua Hitilafu za Haidrojeni ya Kubebeka

Mwongozo huu ni wa wanaotumia mifumo midogo: elektrolaiza inayokula umeme wa sola na kugawa maji yatoe haidrojeni, mtungi wa haidridi ya metali (unga wa metali unaonyonya gesi), regyuleta ya kupunguza shinikizo, na staki ya seli za mafuta (rundo la seli zinazogeuza haidrojeni na hewa kuwa umeme) ya wati 100 hadi 1,000 inayowasha friji ya dawa, redio, au chaja ya betri za boda boda. Mitungi ya magari ya bar 350 (bar ni kipimo cha shinikizo) imeguswa mwishoni kwa ufupi, maana huko fundi wa kawaida anaruhusiwa kuangalia na kusikiliza tu.

Mifano yote inatumia mtungi wa "lita 500". Hizo ni lita za gesi ikiwa kwenye nyuzi 0 na shinikizo la hewa la usawa wa bahari. Kwa uzito ni gramu 45 tu. Nishati yake ni kama kilowati-saa 1.5, na staki nzuri itakurudishia takriban nusu. Aliyeahidiwa zaidi ya hapo hana hitilafu ya mtambo. Ana hitilafu ya muuzaji.

Kabla ya kushika spana

Tafuta vitu vitano: kipimajoto cha kugusa, mzani wa jikoni wa kilo 10 unaosoma hadi gramu 1, chupa ya maji ya sabuni, multimita, na saa.

Mzani ndio unaoshangaza watu. Ndani ya mtungi wa haidridi gesi haikukaa kama gesi. Imenyonywa na unga wa aloi, mara nyingi ya lanthani na nikeli. Unga huo huachia gesi kwa shinikizo lilelile karibu tangu mtungi ukiwa umejaa mpaka ukaribie kwisha. Kwa hiyo geji haikuambii kilichobaki. Inakuambia joto la unga. Kwenye nyuzi 25 aloi hiyo husimama karibu na bar 2 kamili, yaani ukihesabu na shinikizo la hewa. Kwenye nyuzi 45 hupanda hadi bar 4.4 hivi, na kwenye nyuzi 10 hushuka hadi bar 1 na ushei. Aloi nyingine zimetengenezwa kwa shinikizo la juu zaidi, soma kibandiko. Lakini tabia ni hiyohiyo.

Basi, mtungi ukiwa mtupu upime, uandike uzito kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwake. Ukijaa, upime tena. Tofauti ikiwa gramu 45, umejaa. Ikiwa gramu 20, una chini ya nusu, hata geji iseme nini.

Dalili: jioni mtungi ulijaa, asubuhi geji inasoma sifuri

*Baridi.* Hii ndiyo sababu ya kwanza, hasa Kabale, Kisoro, na miinuko ya Kapchorwa, nchini Uganda. Mtungi uliolala kwenye nyuzi 10 una bar 1 kamili na kidogo, na hewa ya Kabale yenyewe ni karibu bar 0.8. Kinachobaki kwa geji kusoma ni robo bar. Kwenye geji ya 0 hadi 40, mshale hautanyanyuka. Usifungue chochote. Uweke mtungi kwenye beseni la maji ya vuguvugu ya nyuzi 30 hadi 35, yanayovumilika mkononi, valvu ikiwa juu ya maji, kwa dakika 15. Geji ikiamka, hapakuwa na tatizo. Maji ya moto ya chai, jiko la mkaa na bunduki ya hewa moto ni marufuku.

*Kiunganishi cha haraka hakijaingia.* Pini ya ndani isiposukumwa hadi mwisho, valvu ya mtungi inabaki imefungwa. Chomoa, futa mchanga wa murram kwa kitambaa kisicho na mafuta, chomeka mpaka usikie mlio wa kujifunga.

*Gesi imetoka kweli.* Mzani utakuambia. Ikiwa uzito umeshuka, ruka hadi sehemu ya uvujaji.

Dalili: staki inawaka vizuri, baada ya dakika kumi volti zinaanguka

Hapa ndipo staki nyingi nzima huhukumiwa kufa. Kabla ya kuigusa, jibu swali moja: volti zinapoanguka, geji iliyo baada ya regyuleta inafanya nini? Ikishuka pamoja na volti, tatizo liko upande wa gesi. Ikisimama palepale, tatizo liko kwenye staki.

*Geji inashuka: mtungi umejipoza wenyewe.* Aloi inapoachia gesi hunyonya joto, kilojuli 31 kwa kila lita 22.4. Staki ya wati 300 hula takriban lita 4 kwa dakika, kwa hiyo mtungi unahitaji kuletewa wati 90 hivi za joto muda wote. Usipoletewa, unalichota mwilini mwake. Mtungi wa kilo 5 na nusu unaweza kushuka nyuzi 20 ndani ya dakika kumi, na utaona umande ukiota ubavuni kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Staki nyingi ndogo zinataka karibu nusu bar juu ya shinikizo la hewa. Kwa hewa ya Kampala, ambayo ni bar 0.88, aloi ya lanthani na nikeli haiwezi kutoa kiasi hicho ikiwa chini ya nyuzi 16. Ikifika nyuzi 5, shinikizo lake liko chini hata ya hewa ya nje. Gesi imo, haina nguvu ya kutoka.

Shika mtungi kwa mkono. Ukiwa baridi na wenye umande, umepata jibu. Dawa yake kwa mpangilio wa urahisi:

1. Punguza mzigo kwa nusu kwa dakika tano, uangalie kama volti zinarudi.
2. Uweke mtungi njiani mwa hewa ya moto inayotoka kwenye feni ya staki. Staki ya wati 300 hutupa joto zaidi ya wati 300, zaidi ya mara tatu ya linalohitajika. Bomba la bati lililokunjwa kuelekeza hewa hiyo linatosha, mradi lisizibe feni.
3. Tumia mitungi miwili sambamba badala ya mmoja. Kila mmoja utapoa nusu.
4. Kwa staki ya kilowati 1, hewa haitoshi tena; mitungi inahitaji koti la maji.

Kufunika mtungi kwa blanketi "usipate baridi" kunafanya kinyume: blanketi linazuia joto la chumba kuingia.

*Geji inashuka, lakini mtungi una vuguvugu.* Angalia chujio dogo mlangoni mwa regyuleta. Unga mwembamba wa aloi hupenya na kuliziba. Kisha angalia kipenyo cha hosi. Hosi ya milimita 4 kwa staki ya kilowati 1, inayohitaji lita 12 hadi 14 kwa dakika, ni nyembamba mno ikizidi mita chache.

*Geji imesimama: maji au naitrojeni upande wa haidrojeni.* Fungua valvu ya kusafishia, inayotoa nje maji na gesi iliyochafuka, kwa mkono kwa sekunde moja. Volti zikiruka juu kisha kuanguka tena taratibu, valvu ya umeme inayofanya kazi hiyo haifunguki kwa zamu yake. Isikilize: inapaswa kugonga kila baada ya sekunde kadhaa. Isipogonga, pima volti kwenye waya zake kabla ya kuilaumu. Entebbe na pembezoni mwa ziwa, ambako hewa ina unyevu mwingi, maji hujaa haraka zaidi.

*Geji imesimama: utando wa ndani ya seli umekauka.* Karamoja wakati wa kiangazi ni kesi ya kawaida, na vilevile staki iliyokaa kabatini miezi kadhaa. Kusafisha hakusaidii, na staki inapanda juu ya nyuzi 65. Iendeshe kwa moja ya tano ya mzigo kwa nusu saa, iloweshwe na maji inayoyatengeneza yenyewe, kisha panda hatua kwa hatua.

*Geji imesimama: hewa chafu.* Staki inavuta hewa ya nje. Ikiwekwa karibu na sigiri au jenereta ya petroli, inavuta kaboni monoksidi, na hiyo hukaa juu ya platinamu ya staki na kuifunga. Ihamishe, iache ifanye kazi kwenye hewa safi kwa saa moja. Mara nyingi nguvu hurudi. Kwa vumbi la barabara, hewa safi peke yake hairudishi kitu: piga brashi laini kwenye matundu, usipulize kwa kompresa, maana kompresa hupuliza na mafuta.

*Seli moja mbovu.* Pima kila seli kwa multimita staki ikiwa na mzigo wa wastani. Seli nzima husoma volti 0.6 hadi 0.7. Staki ya seli 20 ikisoma jumla ya volti 13, iko salama. Ikishuka chini ya 10, izime.

Simama: seli moja ikisoma chini ya 0.4 huku wenzake wakiwa 0.65, usiendelee. Utando unaweza kuwa umetoboka, haidrojeni na hewa vinakutana ndani. Zima, funga mtungi, mpelekee mtengenezaji.

Dalili: mtungi hauingizi gesi, au unakomea nusu

Kwanza hesabu. Elektrolaiza ya mililita 500 kwa dakika inahitaji dakika 1,000 kujaza lita 500, karibu saa 17. Jua la Uganda haliwaki saa 17 kwa siku. Wengi wanaoripoti "haijai" hawana hitilafu. Wana siku tatu za kusubiri.

*Joto.* Kile kilichonyonywa wakati wa kutoa kinarudishwa wakati wa kuingiza. Kujaza lita 500 hutoa kilojuli 690 hivi. Mtungi uliofungiwa kwenye sanduku la chuma juani utafika nyuzi 45, na hapo elektrolaiza inayotoa bar 4 haiingizi kitu, kwa sababu mtungi unasukuma nyuma kwa nguvu hiyohiyo. Simamisha mtungi kwenye ndoo ya maji ya jerikeni moja, lita 20, valvu ikiwa nje. Joto lote la ujazaji litapandisha maji hayo nyuzi 8 tu. Ni marekebisho rahisi kuliko yote na ndiyo yanayosaidia zaidi.

*Unyevu umeingia.* Gesi ya elektrolaiza hutoka imelowa. Kikaushio cha silika kikishiba, maji hupita na kuharibu uso wa aloi. Silika ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba. Ya bluu hugeuka waridi. Ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, si juani, kisha irudishe ikiwa bado ya vuguvugu. Badilisha ikibaki theluthi moja yenye rangi kavu. Usingoje ya mwisho.

*Oksijeni imechanganyika.* Mawingu yakipita, elektrolaiza hufanya kazi kwa mkondo mdogo, na sehemu kubwa zaidi ya gesi huwa ni oksijeni iliyopenya utando. Panga kidhibiti kiizime kabisa chini ya robo ya mkondo wa kawaida badala ya kuiacha ijikokote.

*Aloi imechoka au imetiwa sumu.* Ukijaza ndani ya maji, gesi ikiwa kavu, na uzito bado hauzidi gramu 30 mara tatu mfululizo, uwezo umepungua kweli. Kuuamsha upya kunahitaji pampu ya ombwe na haidrojeni ya usafi wa 99.99% au zaidi. Hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa.

Dalili: elektrolaiza inakula umeme, gesi ni kidogo

Ampea moja kupitia seli moja hutoa mililita 7 za haidrojeni kwa dakika, hakuna mjadala. Zidisha ampea kwa idadi ya seli, ujue unachodai. Kisha pima: jaza chupa ya nusu lita maji, igeuze kichwa chini ndani ya beseni, ingiza bomba la gesi, hesabu sekunde. Fanya nje, mbali na moto. Kwa hewa ya Kampala na nyuzi 25 gesi hujitanua, kwa hiyo zile mililita 7 utaziona kama 9 hivi.

Gesi ikitoka sawasawa hapo lakini mtungi haupati, kuna uvujaji katikati. Gesi ikiwa pungufu, pima volti za kila seli. Kati ya 1.8 na 2.0 ni kawaida. Zikipanda kuelekea 2.4 kwa mkondo uleule, utando umechafuka, na mchafuzi karibu kila mara ni maji.

Seli hizi zinataka maji yenye upitishaji umeme chini ya maikrosimens 1 kwa sentimita. Maji ya kisima yana mamia, tena yana chuma. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati yana vumbi na zinki. Maji ya betri ya kituo cha mafuta ni bahati nasibu: mengine yametoneshwa, mengine yamechujwa tu. Kile kipimo cha bei nafuu cha chumvi kikisoma 0 hakijathibitisha, kwa sababu hatua yake ndogo kabisa ni sawa na maikrosimens 2 hivi. Tumia kipimo cha upitishaji chenye desimali, na ubadilishe kichujio cha resini kabla hakijashiba. Utando ulioshika chuma na kalsiamu hausafishwi kwa kumimina maji mapya.

Dalili: gesi inapungua mtungi ukiwa umekaa tu

Pima mtungi peke yake, bila kuunganishwa, leo na baada ya siku tatu. Uzito ukibaki, mtungi ni mzima na uvujaji uko kwenye mabomba.

Mkosaji wa kawaida ni hosi ya silikoni, ile laini nyeupe ya maabara. Haina tundu, sabuni haitoi povu, lakini haidrojeni hupita kwenye ukuta wake. Weka nailoni, polyurethane au bomba la chuma kisichoshika kutu. Hosi ya gesi ya kupikia na regyuleta yake havifai, hata kama uzi wake wa skrubu wa kushoto unafanana.

Kisha paka maji ya sabuni kila kiungo na usubiri dakika mbili. Povu la haidrojeni huanza na vitobo vidogo kama vya bia. Tepu nyeupe ya mafundi bomba ni kwa nyuzi za skrubu zinazopungua kipenyo tu. Kwenye viungo vya pete ya kubana, tepu ndiyo inayosababisha uvujaji. O-ringi iliyopasuka badilisha, usiipake grisi ya magari. Na usikaze kiungo chenye shinikizo: funga mtungi, toa gesi, ndipo ukaze.

Haidrojeni haina harufu, na haitiwi harufu kama gesi ya kupikia kwa sababu kemikali hizo huua staki. Inashika moto ikiwa 4% hadi 75% ya hewa, na cheche usiyoiona inatosha. Tena hupanda juu. Matundu ya chini ya ukuta yaliyotobolewa kwa ajili ya gesi ya kupikia hayatoshi. Toboa chini ya paa, na kihisi kiwekwe hapohapo darini.

Simama na utoke: ukisikia mlio mkali wa gesi ndani ya nyumba, usiwashe wala kuzima taa, usichomoe plagi. Fungua mlango, toa watu. Moto wa haidrojeni mchana hauonekani. Ukisikia mngurumo na kuona hewa ikitetemeka kama juu ya lami, usikaribie. Usiuzime ikiwa gesi haijafungwa, kwa sababu itajikusanya na kulipuka. Piga 999 au 112.

Dalili: valvu ya usalama inapuliza

Karibu kila mara ni mtungi uliojaa ukaachwa kwenye buti la gari Gulu au Moroto saa saba mchana. Kwenye nyuzi 60 shinikizo la aloi ni karibu mara nne ya lile la nyuzi 25. Valvu imefanya kazi yake. Uuhamishie kivulini kwenye uwazi ikiwa unaweza kuufikia salama, uumwagie maji ubavuni. Usizibe valvu, na usiikaze "isipulize tena". Mitungi isafiri ikiwa imesimama, imefungwa kamba, kwenye gari lenye hewa. Ndani ya taksi yenye abiria, hapana.

Mitungi ya bar 350

Swali linalojirudia ni moja: geji ilisoma 350 wakati wa kujaza, asubuhi inasoma 300. Gesi inayobanwa haraka hupata moto. Ikifika nyuzi 70 wakati wa kujaza kisha ikapoa hadi 25, kushuka hadi bar 300 hivi ni kawaida. Linganisha asubuhi na asubuhi, kwa joto lilelile. Ikiendelea kushuka siku ya pili na ya tatu, inavuja.

Kwa macho angalia nyuzi za kaboni zilizokatika, mkwaruzo unaoshika ukucha, alama ya kugongwa, rangi iliyobabuka kwa moto, na tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kibandiko. Lolote kati ya hayo, gari lisijazwe tena. Kifaa cha kutoa gesi kwa joto, ambacho hufunguka karibu nyuzi 110, kisizibwe wala kugeuzwa kuelekea chumba cha abiria. Kufungua, kukaza au kupima kwa maji mitungi hii ni kazi ya karakana iliyoidhinishwa pekee.

Mtungi uliokufa

Usiupeleke kwa wanunuzi wa skrapa, na usiukate kwa grainda kwenye karakana za Katwe, Kampala, ili kuona ndani kuna nini. Unga wa aloi uliobeba haidrojeni unaweza kuwaka wenyewe ukigusana na hewa, na mtungi unaosoma sifuri kwenye geji bado unaweza kuwa nao. Andika "USIKATE" kwa rangi nyekundu, funga valvu, uhifadhi kivulini, uurudishe kwa aliyekuuzia.